Bizimu la Mkanda wa Baba

Jumanne, saa tisa na dakika ishirini alasiri, niliweka mkanda wa baba mbele ya fundi viatu, bizimu lake limevunjika ulimi. Bizimu ni kile chuma cha kufungia. Nasema mapema, maana wataalamu wa benchi la kahawa pale kwa fundi walilijadili nusu saa nzima. Kesho yake baba alikuwa anarudi kulinda ghala, baada ya wiki tatu za kile alichokiita “mafua tu”, na bila mkanda suruali ya sare haikai. Fundi akaweka nyundo chini, akainua kikombe cha kahawa. Nikajua nimekwisha.

— Binti, hii ni historia, akasema Fundi. Zamani matajiri walifunga viatu kwa bizimu la fedha. Kamba ilikuwa ya akina sisi.

— Wewe unajua viatu tu, akadakia Sajenti, ambaye jeshi amelisikia redioni. Bizimu ni la vita! Askari atapiganaje, mkono mmoja umeshika suruali?

— Na farasi je? akauliza Kinyozi. Tandiko linashikwa na bizimu. Likikatika, mfalme chini, nchi chini. Falme zote zimekufa hivyo.

— Zote?

— Zote, Sajenti. Wanatuficha tu.

— Asanteni, baba zangu, nikasema. Chuoni hatukufika huko. Mkanda utakuwa tayari saa ngapi?

— Haraka ya nini, mwanangu? akasema Fundi. Ndiyo kwanza tumefika kwa farasi.

Mshonaji wa mlango wa pili akaja kujimiminia kahawa. Akauokota mkanda, akaupitisha vidoleni polepole. Matundu matano ya kiwandani. Manne mengine ya msumari, la mwisho kingo zake bado mpya.

— Mwenye mkanda huu anakula?

Kinyozi akatazama ndani ya kikombe. Sajenti akakohoa. Mimi, ninayehesabu hata ngazi za nyumbani, nilikuwa sijayahesabu matundu yale.

Fundi akatengeneza bizimu kwa dakika tano.

Asubuhi, saa kumi na mbili na robo, nilimfunga baba mkanda mwenyewe, tundu la mwisho. Vidole vyangu vinne bado vikapita kati ya mkanda na tumbo lake.

— Umekaza vizuri, mama, akasema.

Ghala liko kulia. Nikamshika mkono, tukakata kushoto, njia ya hospitali.