Miaka Ishirini ya Sabuni Isiyo na Harufu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu wetu. Ndugu wajumbe wa bodi. Mameneja na mafundi wa mitambo. Wateja wetu wa mashule na mahospitali. Na ninyi wasafishaji wenzangu mlioketishwa nyuma kabisa, ingawa mimi ningewaketisha hapa mbele: habari za asubuhi.

Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo msitarajie maneno makubwa. Lakini tumbo hili ndilo lililomzaa mkurugenzi aliyejenga kiwanda tunachokizindua leo, na hilo nitalisema mpaka nizikwe. Mwoneni alivyoinamisha kichwa. Baba, inua uso, mama yako anakusifu.

Alianza miaka ishirini iliyopita, uani kwetu, na pipa moja na mwiko wangu wa jikoni. Sabuni yake haikuwa na harufu, na watu wakamcheka. Msimamizi wa bweni moja alinusa dumu, akamwuliza, "Kijana, umetuletea maji?" Wote wakawa wanamwambia atie harufu ya kupanda kichwani, ndipo watu wajue pamesafishwa. Akakataa. Miaka mitatu anafungiwa milango, na hakutia. Kisha akabuni madumu: la asidi ya vyoo jekundu, la klorini la bluu, na mfuniko wa hili haukai kwenye mdomo wa lile hata uupige nyundo, asije mtu akavichanganya. Nani mwingine aliwaza hivyo? Mwanangu! Leo hospitali sitini hazitumii kingine.

Sasa, kijitabu mlichokikuta kwenye viti kinasema, ukurasa wa pili, kwamba wazo hilo lilitokana na "ajali iliyosababishwa na uzembe wa msafishaji mmoja". Ndugu zangu, maneno hayo ni ya uongo, na uongo huo niliutunga mimi.

Msafishaji huyo alikuwa shoga yangu, tukimwita Kicheko. Tulipiga deki hospitali moja, mimi nikiwa nimemtangulia kazini miaka sita. Daktari akikanyaga sakafu mbichi, wengine tulinyamaza. Kicheko alimwambia, "Daktari, huna mabawa, subiri pakauke," na daktari alisubiri.

Wiki hiyo tulikuwa tunangoja wakaguzi. Bafu la chini lilikuwa na madoa yaliyotushinda. Mimi nilikuwa na ujanja wangu, nikichanganya asidi na klorini kwenye ndoo moja, na vigae vikitoka vyeupe kama meno ya mtoto. Nilikuwa nafanyia ghorofani, madirisha wazi. Nikamfundisha. Akainusa ndoo, akaniuliza, "Dada, mbona inakohoza hivi?" Nikamjibu, tena kwa maringo, "Ukikohoa ujue inafanya kazi."

Akaibeba ndoo akashuka nayo. Bafu la chini halikuwa na dirisha, na mlango aliufunga ili wagonjwa wasiteleze.

Hewa ya sumu ya ndoo ile ilimchoma mapafu, akaishi siku nne. Hakucheka tena wala hakusema. Alivuta pumzi kama mtu anayevuta kamba yenye mzigo mzito upande wa pili. Na mimi ndiye niliyepangiwa kupiga deki chini ya kitanda chake. Alikuwa ananitazama. Muuguzi mkuu alituita, akauliza, "Nani alimwambia achanganye?" Nikiwa na mwana wa kusomesha na kazi ya kupoteza, nilisema, "Sijui, sista." Wakaandika kwenye faili kwamba marehemu alikuwa mzembe. Nilipofika nyumbani mwanangu akaniuliza swali lile lile, nikampa jibu lile lile, na juu ya jibu hilo akaenda kusomea kemia.

Binti wa Kicheko yuko pale, safu ya tatu. Ndiye mkuu wetu wa mafunzo. Kila Jumatatu anasimama mbele ya wasafishaji wapya, anaanza hivi: "Mama yangu alikuwa mzembe, akafa. Msiwe kama yeye." Miaka tisa nakaa ofisini kwa mwanangu nakunywa chai, nayasikia maneno hayo kupitia ukutani, na chai naimaliza.

Binti yangu, mama yako hakuwa mzembe. Aliuliza. Mzembe huuliza? Alimwuliza mtu aliyemwamini, na mtu huyo alikuwa anajiona fundi. Ungeyajua haya tangu mdogo, ungekua na mama mwingine kabisa kichwani mwako. Huyo nilikunyang'anya mimi, baada ya yule wa kwanza.

Mwanangu, usinitazame hivyo. Ulichokijenga ni chako na ni kizuri. Ukurasa wa pili uchanwe tu. Mheshimiwa Mganga Mkuu, faili lile naomba lifunguliwe na maelezo yangu yaandikwe. Kitakachonifuata nitakipokea nikiwa nimesimama.

Kwako, binti wa Kicheko, sikuombi msamaha hapa, kwa sababu mbele ya watu wote hawa ungelazimika kunipa. Jumatatu nitakuja kwenye mafunzo, nikae kiti cha mbele, wanione sura. Ukianza kusimulia, sema ni nani aliyechanganya ndoo ya kwanza, na unioneshe kwa kidole.

Kwa masikio yenu nashukuru, ndugu zangu. Makofi naomba msinipigie.