Saa ya Alhamisi ya Mzee Theodory: Risala ya Wanakisomo wa Bagara

Babati, Alhamisi, tarehe 15 Juni 2006. Asubuhi hii kulikuwa na ukungu na baridi kali. Jua limetoka saa nne, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo pia.

Mgeni Rasmi, Afisa Elimu wetu; Mwalimu Mkuu; viongozi wa dini; majirani zetu mliokuja: shikamooni wakubwa, na wengine tunawasalimu.

Karibu

Mgeni Rasmi, umekuja kutupa vyeti vya kisomo cha watu wazima. Tumefurahi. Tuko ishirini na wawili, wakulima wa mahindi na maharage kutoka Sigino na Bonga, na wenye maduka wa hapa mjini. Mdogo wetu ana miaka thelathini na minane. Tunakalia madawati ya watoto na magoti yanagusa kidevu, lakini leo hatuombi viti. Tumeomba na kufunga siku tatu juu ya risala hii, Wakristo na Waislamu, ili tuseme ukweli bila hasira.

Aliyetufundisha kusoma gazeti

Herufi tulifundishwa na walimu. Gazeti tulifundishwa na marehemu Mzee Theodory Paskasi wa Bonga, aliyeandika kila wiki safu ya "Samahani, Mheshimiwa". Wengi mliisoma mkacheka. Aliandika: "Samahani, Mheshimiwa, ng'ombe akiuzwa mnadani huandikiwa stakabadhi. Jirani yangu amelala mahabusu siku nne bila hata karatasi. Naomba naye ahesabiwe kama ng'ombe." Jirani huyo alitoka wiki hiyo hiyo. Baadaye Mzee mwenyewe alilala ndani siku mbili, akarudi akaandika juu ya kunguni wa humo, kwamba wao hawabagui chama.

Kila Alhamisi alikuja na baiskeli, ameshika makala ambayo bado haijapelekwa gazetini. Alimpa asomaye polepole kuliko wote, ambaye ni Dorika, Mama Damasi. Neno likimkwamisha Dorika mara mbili, Mzee alilikata.

"Mama Damasi, leo umenifyekea shamba zima."

"Yalikuwa magugu, Mzee."

Alituambia kwamba haki ikiandikwa kwa maneno ambayo Dorika hawezi kuyasoma, basi Dorika hajapewa. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba mtu akikamatwa aambiwe kosa lake, na kwamba raia anaruhusiwa kuuliza. Mungu alimchukua mwezi wa Machi, kwa shinikizo la damu. Alituachia majalada mawili ya makala zake, nasi tukaendelea kuzisoma kila Alhamisi, saa kumi na moja jioni, pamoja na magazeti mapya.

Kosa letu

Mgeni Rasmi, sehemu hii ni ngumu kwetu kuisoma.

Tarehe 11 Mei alikuja bwana mmoja ambaye hatutamtaja, na karatasi iliyopigwa chapa. Hakutusomea. Alisema, "Haya, wekeni sahihi, tuone kama kweli mmejifunza."

Sisi ni watu tuliotumia dole gumba maisha yetu yote. Tulipanga mstari kama watu wa komunyo. Mzee Mikidadi, Baba Rahma, mwenye duka la vitambaa, alisaini mara mbili kwa sababu sahihi ya kwanza haikumpendeza.

"Baba Rahma, unasaini au unatarizi?"

"Niacheni. Dole gumba limestaafu leo."

Tulicheka, tukasaini wote, na hakuna hata mmoja aliyesoma kilichoandikwa juu ya mstari wake. Bwana yule alituachia nakala. Dorika aliichukua nyumbani, akaisoma kwa kidole siku tano. Alhamisi iliyofuata tulikuta mlango wa darasa umefungwa, naye akasimama mbele yetu akasema, "Jamani, nimeimaliza. Tumejifungia mlango wenyewe."

Karatasi inasema hivi: "Sisi wanakisomo tunakiri kuwa magazeti na makala za marehemu zinaleta siasa darasani, na kwa hiari yetu tunaomba saa ya Alhamisi ifutwe." Chini yake kuna majina yetu ishirini na mawili, yameandikwa vizuri sana.

Tulikuwa tumekaa miaka mitatu na Mzee aliyetufundisha kuuliza, na tulipopewa kalamu hatukuuliza. Yalikuwa majivuno. Tumetubu mbele za Mungu, kila mmoja kwa sala yake. Lakini Alhamisi nne zimepita na mlango umefungwa kwa ombi letu sisi, na karatasi hiyo imo katika faili lako.

Tunachoomba

Kwanza, karatasi hiyo isomwe hapa leo kwa sauti, neno kwa neno, ili kila aliyesaini aisikie.

Pili, utupokelee barua hii ya kufuta sahihi zetu. Imeandikwa kwa mkono, imesomwa kwa sauti mara tatu kabla ya kusainiwa. Dorika alikata maneno sita.

Tatu, saa ya Alhamisi irudi. Hatuna kumbukumbu nyingine ya Mzee Theodory. Hatuna uwezo wa kumjengea kitu, na yeye angetucheka tukijaribu.

Ukiona vyema kutunyima, tunakuomba utuambie sababu, na utuandikie. Tutaisoma. Hatutakudharau wala hatutanyamaza. Vyeti tutavipokea kwa mikono miwili kwa vyovyote, maana tumevitolea jasho.

Mungu akupe afya, ailinde nyumba yako, aiongoze kalamu yako. Amlaze Mzee Theodory mahali pa amani.

Ahadi

(Wanakisomo wote wanasimama na kusema pamoja.)

Mbele za Mungu, mbele ya Mgeni Rasmi, ya Katekista na Sheikh, na mbele ya watoto wetu walio mlangoni, tunaahidi: hatutatia sahihi karatasi yoyote kabla mmoja wetu hajaisoma kwa sauti na wengine kuisikia hadi nukta ya mwisho. Na Alhamisi ijayo, saa kumi na moja jioni, tutasoma. Mlango ukiwa wazi, tutasoma ndani. Ukiwa umefungwa, tutasoma hapa uwanjani, kwa sauti, na mwenye swali atatukuta.

Ni sisi, Wanakisomo wa Jioni, Bagara.
Imesomwa na Antonia Octavian, Katibu.