Tabibu Polycarp Feliksi Bitaliho na Mikono Iliyotaka Kungojwa

Ndugu waombolezaji, baba yetu, Tabibu Polycarp Feliksi Bitaliho, alizaliwa Rusimbi tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa Mzee Feliksi na Mama Marcelina. Alisoma shule ya msingi hapa Ujiji, sekondari Tabora, na mwaka 1973 akahitimu utabibu. Alikuwa mbishi tangu utoto. Bibi alisema hata kuzaliwa alibishia siku mbili.

Mwaka 1975 alifunga ndoa na muuguzi Dorotea, mama yetu. Mama alimkataa mara mbili. Ya tatu alikubali, anasema mwenyewe, ili apumzike.

Alihudumu Kibondo, kisha kuanzia 1994 kambi ya wakimbizi wa Burundi wilayani Kasulu. Huko ndiko alikokosea, na alituagiza tusifiche. Mwaka 1996 Regina, fundi cherehani, alifika akiwa amepigwa mpini juu ya kiwiko. Neva ilipondeka, kiganja kikaning'inia. Baada ya miezi miwili marehemu aliandika kwenye kadi: "Mkono umekufa." Mwezi wa sita tangu aumie Regina alirudi, akainua kiganja mbele ya foleni nzima.

"Muganga, mbona uliuzika mkono wangu ningali nao?"

Marehemu aliyakata maneno yale kwa kalamu, akamwomba radhi hapohapo.

Tangu siku hiyo aliazima kila kitabu cha neva, akatuchosha mezani. Neva ikiumia, alisema, mwili hutoa protini ndogo ziitwazo saitokini. Hizo ni kama mjumbe wa nyumba kumi: huita chembe za damu zije kuzoa mabaki, njia ipatikane, neva iote upya, kama milimita moja kwa siku. Ndugu wa wagonjwa walipotaka kuchua uvimbe mbichi, alifoka, "Waacheni walioitwa wafanye kazi!" Kila Jumanne aligonga mikono kwa kidole, akitia alama ya wino pale mgonjwa aliposikia mtekenyo, aone kama inasogea kuelekea vidoleni.

Tarehe 24 Oktoba mwaka huu, wiki mbili baada ya kuharisha, miguu yake ilianza kufa ganzi. Aliutambua ugonjwa kabla ya madaktari: kinga ya mwili ilikosea adui, ikazivamia neva zake mwenyewe. Udhaifu ulipanda hadi kifuani.

"Neva zitarudi, Dorotea," alisema. "Ninachohitaji ni pumzi tu ya kuzingojea."

Pumzi haikutosha. Alifariki hospitalini Jumanne, 9 Novemba 1999, saa nne asubuhi. Inatuuma mno.

Ameacha mjane, Dorotea; watoto wanne, Walter, Erick, Esther nami Evaline ninayesoma; na wajukuu wawili. Ameacha pia wagonjwa kumi na wanne ambao mikono yao bado haijaamka. Mungu ampe mbishi wetu amani, apumzike.

Nanyi kumi na wanne, mliopata kibali cha kutoka kambini kuja kumzika: Jumanne ijayo muuguzi Brigita, aliyefundishwa na marehemu mwenyewe, atakaa kwenye kiti chake. Msilete rambirambi. Leteni mikono.