Mama Ngapi wa Kaunta ya Nne

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Ni Jumamosi, saa nne na dakika tano, na kama kawaida ya kipindi hiki tunamkumbuka mtu aliyetutoka. Leo tunamkumbuka keshia. Alikuwa keshia wa supamaketi, kaunta ya nne, ile iliyo karibu na mlango wa kutokea. Alifanya kazi pale miaka kumi na tisa. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Ngapi. Amefariki Jumanne, na Alhamisi tumemzika.

Niseme mapema kwamba leo sijatulia. Kiti hiki nimekisogeza mara nne na bado hakinikai. Sababu ninayo hapa, kwenye mfuko wa shati. Ni barua. Mama Ngapi mwenyewe aliniandikia, miezi kumi na moja iliyopita, akaniomba nisome maneno machache hewani. Sikuyasoma. Na ikifika saa nne na dakika ishirini, kama kila Jumamosi, natakiwa kupisha tangazo la supamaketi ile ile aliyofanyia kazi. Ndio wanaodhamini kipindi hiki. Basi nina robo saa ya kuamua, na nyinyi mko nami.

Tuanze nyumbani. Mama yake mzazi alifariki Mama Ngapi akiwa mdogo sana, akalelewa na dada yake mkubwa. Dada huyu ni fundi cherehani, na yuko hai, na bado anashona. Juzi nilikaa kwenye chumba chake cha kazi. Cherehani iko dirishani, vipande vya nguo viko sakafuni, na juu ya kabati kuna kopo la biskuti ambalo halijaona biskuti miaka mingi. Ndani mna nyuzi. Akalifungua akanionyesha mbili za kijani, kijani kikali cha kuumiza macho.

"Hizi aliniletea akiwa na miaka saba," dada akaniambia. "Nilimtuma uzi mweusi mmoja. Akarudi na tatu, mweusi na hizi. Nikamuuliza, hizi za nini? Akasema mwenye duka amesema ukichukua tatu ni rahisi. Nikamwambia, mdogo wangu, mimi nilikutuma ngapi? Akalia. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniletea nguo ya rangi hii mpaka leo, mwanangu. Ningemnyamazisha kwa uongo gani?"

Nilikutuma ngapi. Lishikeni hilo neno, wasikilizaji, maana ndilo lililomlea na ndilo lililomponza.

Akakua, akaolewa, akapata binti mmoja, mumewe akatangulia mbele ya haki. Akaingia supamaketi, akapewa kaunta ya nne. Miaka ya mwanzo hakukuwa na shida. Kitu kilikuwa na bei yake, unalipa, unaondoka. Halafu zikaja ofa. Mnazijua. Vibandiko vyekundu kwenye kila rafu. Chukua tatu kwa bei hii. Nunua mbili, ya tatu nusu bei. Pakiti kubwa ya familia, ambayo ukiipima gramu kwa gramu ni ghali kuliko ile ndogo. Unasimama mbele ya rafu, kikapu mkononi, unajaribu kugawanya kichwani huku mtu nyuma yako anakohoa ili upishe. Unachukua tatu yaishe.

Mama Ngapi hakuona ofa kwenye rafu. Yeye aliziona mwishoni, kwenye mkanda wa kaunta, na bei zote mbili alizijua. Nitawapa mfano mmoja tu, maana ndio uliomo kwenye barua. Sabuni ya kufulia. Moja, mia mbili na themanini. Tatu kwa ofa, mia tisa. Nawapa nafasi mpige hesabu. Mimi ilinichukua siku nzima, nitawaambia kwa nini.

Mtu akifika kwake na sabuni tatu, anamwuliza kwa upole, "Samahani mpendwa, ulitoka nyumbani ukitaka ngapi?" Ndiyo hivyo tu. Hakusema duka linawaibia. Aliuliza. Na ungeshangaa ni watu wangapi walisimama pale wamepigwa na butwaa, maana walikuwa hawakumbuki.

Meneja akamwita. Akamwambia kila mteja ana sekunde arobaini, na swali lako linakula sekunde. Mama Ngapi akaomba radhi, akarudi kwenye kaunta yake, akalifupisha swali. Akakata maneno yote akabakiza moja.

"Ngapi?"

Jina likatokea hapo. Wateja walimtania, wenzake walimtania, hata walinzi wa mlangoni walimwamkia, "Shikamoo, Mama Ngapi." Akajibu, "Marahaba, ngapi?" Foleni yake ikawa ndefu kuliko zote, kaunta ya tano na ya sita zimekaa wazi. Watu walikuwa tayari kusimama ili waulizwe.

Kuna mzee mmoja, fundi saa mstaafu, alinipigia simu jana. Mkewe alifariki mwaka juzi. Wiki mbili baada ya mazishi alikwenda dukani akachukua pakiti sita za maziwa, kwa sababu kibandiko kilisema sita. Mama Ngapi akamwuliza, "Ngapi, mzee wangu?" Mzee akasema sita, si ndiyo ofa? Akamwuliza tena, "Nyumbani mnakunywa wangapi?" Mzee akazihesabu zile pakiti kwa kidole. Halafu akasema, siku hizi ni mimi. Mama Ngapi akampigia moja kwenye mashine, tano akaziweka chini ya kaunta, na akamshika mkono. "Hakuna aliyekuwa ameniuliza," mzee aliniambia. "Wote walikuwa wananiambia pole. Yeye ndiye aliyeniuliza tumebaki wangapi."

Sasa ni saa nne na dakika kumi na mbili. Fundi mitambo wangu, nyuma ya kioo, ameshaninyooshea kidole kwenye saa. Nimeiona, ndugu yangu.

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo ninapoingia mimi. Lile tangazo la dukani, "Chukua tatu, mfuko utabasamu", ile sauti ni yangu. Nimelisoma miaka sita. Hupigwa kwenye spika za dukani kila baada ya dakika kumi, tangu saa mbili asubuhi mpaka wanapofunga. Spika mojawapo iko juu ya kaunta ya nne. Kwa hiyo mimi nilikuwa nawaambia watu wachukue tatu, na yeye, chini yangu, anawauliza ngapi.

Siku moja nikaenda mwenyewe. Nikachukua sabuni tatu, nikajipanga kwenye foleni. Nilipofungua mdomo kumwamkia, akacheka. "Kaka, kumbe ni wewe. Sauti yako naijua kuliko ya mwanangu." Halafu akaziangalia sabuni. "Ngapi?" Nikasema kwa majivuno, tatu, dada, mimi ndiye niliyesema tatu. Akanitazama kidogo. Akaniuliza, "Na hesabu ulipiga?" Nikacheka, nikalipa mia tisa, nikaondoka. Nilifika nyumbani nikatoa karatasi. Mia mbili na themanini, mara tatu. Mia nane na arobaini. Nikapiga tena, nikidhani nimekosea. Siku ile nilizunguka sebuleni mpaka mke wangu akaniuliza nimepoteza nini.

Na wiki iliyofuata, kwa sauti hii hii, nikarekodi tangazo jipya. Safari hii lilikuwa la dawa ya meno. Sikupiga hesabu. Niliogopa kuipiga.

Ikaja mashine mpya. Hii ikisoma sabuni tatu inaziunganisha yenyewe, inaandika ofa, mia tisa. Hata kama wewe hukutaka ofa. Mama Ngapi akatafuta njia. Anapiga mbili, anafunga risiti. Anapiga moja, anafunga risiti. Mteja anatoka na risiti mbili, na sitini yake imebaki mfukoni. Meneja alipoona karatasi za risiti zinaisha mapema akajua. Akamtoa kaunta ya nne. Akampeleka stoo, nyuma, kazi yake iwe kubandika vibandiko vya ofa kwenye rafu kabla ya kufungua. Pale hakuna mtu wa kuulizwa.

Vibandiko vile vipya vilikatwa vipana. Vilikuwa vinafunika kabisa bei ya kitu kimoja, usiione. Basi Mama Ngapi akawa anavibandika upande. Kimeinama huku, kimeinama kule, na pembeni kila mara inachungulia ile bei ya moja, mia mbili na themanini. Rafu nzima imekaa kombo. Meneja akazunguka, akatikisa kichwa, akasema mama wa watu macho yamekwisha. Wasikilizaji, sikilizeni hili. Wakampeleka kupimwa macho. Kwa gharama ya duka.

Binti yake ni nesi, na alinisimulia huku analia na kucheka. "Mama alirudi na miwani mpya, akakaa chini mlangoni akacheka mpaka nikamletea maji. Akasema, mwanangu, sasa naviona vizuri, nitavipinda vizuri zaidi."

Akaendelea kuvipinda. Meneja akamwonea huruma, akadhani ni uzee.

Lakini kichekesho hicho hakikumtosha. Alijua mtu mwenye haraka haangalii pembeni ya kibandiko. Alitaka bei mbili zisikike kwa sauti, mara moja tu, pale pale dukani. Akaniandikia. Barua ilifika hapa mapokezi, nikaisoma nikiwa nimesimama, nikaikunja, nikaiweka kwenye droo chini ya karatasi za mdhamini. Nikajiambia wiki ijayo. Mnajua wiki ijayo ilivyo.

Jumapili presha ikampanda akiwa jikoni. Alikaa hospitali siku mbili, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa binti yake. Jumanne alfajiri akafariki. Ilikuwa imebaki miezi minne astaafu.

Alhamisi nilikwenda mazikoni nikasimama nyuma. Dada yake akanifuata. Nilidhani amekuja kunisema, na ningestahili. Akanisalimia vizuri, akanishukuru kwa kuja. Halafu akasema, "Kila Jumamosi asubuhi alikuwa anafungua redio yako, mwanangu. Kazini akiwa zamu anasikiliza kwenye spika, nyumbani akiwa mapumziko anasikiliza kwangu, hapo kwenye cherehani. Anasema, labda leo. Kipindi kikiisha anaizima, anasema, basi, labda anatafuta nafasi."

Nafasi. Nilikuwa nayo kila Jumamosi, wasikilizaji wapendwa. Nimeona aibu ambayo sina pa kuiweka, na ndiyo inayokisogeza hiki kiti.

Saa nne na dakika ishirini. Fundi mitambo ameweka kidole kwenye kitufe cha tangazo, ananiangalia. Namwomba asibonyeze. Ndugu yangu, nikikosea nitajibu mimi. Naifungua barua.

"Mtangazaji, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi, hujambo. Sauti yako inakaa juu ya kichwa changu kutwa nzima. Siku moja tu naomba uniazime. Usiseme duka ni baya, duka limenisomeshea binti. Usimtaje meneja, ana watoto. Na mimi usinitaje. Sema hivi tu. Sabuni moja ni mia mbili na themanini. Sabuni tatu kwa ofa ni mia tisa. Halafu nyamaza kidogo. Watu wana akili zao, wakipewa nafasi watamaliza wenyewe. Ahsante, mimi niliyekuwa kaunta ya nne."

Sabuni moja ni mia mbili na themanini.

Sabuni tatu kwa ofa ni mia tisa.

Nimenyamaza kidogo, kama alivyoniomba.

Fundi mitambo ametoa kidole kwenye kitufe. Simu ya ofisini inawaka taa, naiona kutoka hapa, na nadhani najua ni nani. Nitaipokea kipindi kikiisha.

Kwa dada mkubwa, fundi uliyemlea na kumfundisha neno lake, pole sana, mama. Kwa binti yake, nesi, pole, mama yako alikuwa jasiri na alikuwa mcheshi, vyote kwa pamoja. Kwa wenzake wa kaunta na wa stoo, poleni. Mungu awape subira, na amlaze pema.

Na nyinyi mliomo supamaketi sasa hivi. Najua mnanisikia, maana spika zile hufunguliwa kwenye redio hii kila Jumamosi. Kaunta ya nne leo ina keshia mgeni. Ni binti wa watu, bado anajifunza mashine, msimpe tabu. Yeye hataruhusiwa kuwauliza kitu. Basi ngojeni mlipo, hapo kwenye foleni, mtazame mlichobeba. Miaka sita nimesema tatu juu ya vichwa vyenu. Leo sauti hii nimemwazima aliyeiomba, nimechelewa, lakini nimemwazima.

Ngapi?