Alichokifukuza Luteni Dale

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi la mbao mbele ya gereji ya fundi Spana, katika mji mdogo wa Tennessee, mwaka 1949. Birika la kahawa lilikaa jikoni ndani, na anayetaka alijimiminia. Tangu amzike mwanawe Dale, rubani wa jeshi la anga, Virgil Pruitt hakukosa hata siku moja. Nyumbani ukimya ulimtafuna. Hapa angalau watu walibishana kuhusu kile kitu cha kung'aa kilichoonwa na mji mzima mchana kweupe, ambacho Dale alitumwa akifukuze kwa ndege, akapanda nacho mpaka ndege ikaanguka shambani.

Asubuhi hiyo Redio, kinyozi asiyepitwa na habari, alifika akihema.

— Jeshi limetoa majibu! Wanasema ni Zuhura.

— Zuhura gani tena? Spana akauliza.

— Sayari, bwana! Ile nyota ya alfajiri.

— Acha zako! Nyota saa nane mchana? Nilimwambia yule kapteni aliyekuja kutuhoji, kitu kikubwa kama tangi la maji. Akaitikia kwa kichwa utadhani ameelewa.

— Mimi nasema Warusi, Redio akasema.

— Warusi wafuate nini huku, mahindi?

— Kiwanda cha atomu hapo jirani hukioni? Wanakipiga picha!

— Redio, wewe bado uko duniani. Kile kimetoka Mirihi. Kwani jeneza si lilikuja limefungwa? Nani alimwona Dale mle ndani? Mimi naona walimchukua mzimamzima, wakaliachia bati la ndege lianguke. Saa hizi yuko huko juu, anafundishwa kurusha chombo chao.

Spana akajishtukia. Akamtupia Virgil jicho.

— Samahani, mzee. Mdomo umeniponyoka.

Lakini Virgil hakukasirika. Hayo hayo alikuwa akiyawaza kitandani. Kama ni Warusi, mwanawe alikufa vitani. Kama ni Mirihi, basi kuna mahali yupo. Ila kama ni nyota tu, alikufa akifukuza kitu kisichofikika, na hilo halikumezeka.

— Endelea, akasema. Hicho chombo chao kikoje?

Kabla Spana hajajibu, teksi ilisimama. Akashuka Lorene, mke wa Dale, aliyekuwa akiishi karibu na kambi ya jeshi. Redio akasimama kumpisha.

— Karibu, binti. Tulikuwa tunazungumza tu kuhusu…

— Najua mlichokuwa mnazungumza.

Hakuketi. Alimgeukia Virgil.

— Baba, wale maofisa walikuja na kwangu. Wakaniuliza kama Dale alikuwa mlevi, kama alipenda hadithi za Mirihi. Nikawajibu yote. Mimi nikawauliza swali moja tu, wakavaa kofia zao wakaondoka.

— Uliwauliza nini, mwanangu?

— Rafiki yake wa mnara wa kuongozea ndege alinipigia simu. Dale alisema redioni kwamba hewa imekuwa nyepesi na kichwa kinamzunguka. Walimsikia vizuri. Sasa nikawauliza, kuna mtu aliyemwambia ashuke?

Spana akaingia ndani kama anayefuata kahawa, akarudi mikono mitupu. Virgil alikumbuka yote aliyomweleza kapteni: rangi ya kile kitu, ukubwa wake, mwendo wake. Kuhusu Dale hakuulizwa neno, wala yeye hakuuliza.

Akachukua kofia yake.

— Spana, nipe funguo za gari lako.

— Unakwenda wapi, mzee?

— Kambini. Twende, Lorene.

Getini wakaambiwa wasubiri. Wakasubiri wamesimama, Lorene akiwa ameuegemea ukuta, mpaka askari wa zamu akafungua kidirisha. Alikuwa kijana mwenye adabu, umri wa Dale hivi.

— Poleni kwa kusubiri. Mmekuja kuripoti kitu mlichokiona angani?

— Hapana, Virgil akasema. Tumekuja kumuulizia mtu.

Askari akamtazama mkubwa wake aliyekuwa nyuma. Yule akatikisa kichwa. Kidirisha kikafungwa.