Dawa Aliyoisomea Ochieng

Mwaka ule wa sitini na nane, mtu wa Kisumu aliyetaka kujua jambo ambalo hata serikali haijalijua hakuwa na haja ya kwenda kwa DC. Alikwenda Kaloleni baada ya alasiri, kwenye benchi lililokuwa mbele ya duka la mafuta ya taa la Hiram Waweru, mahali Saleh alipoweka jiko lake na mabuli yake ya kahawa. Wenyeji wa benchi walikuwa walewale. Waweru mwenyewe, mtu wa Nyeri, aliitwa Dunia kwa sababu kila neno lake lilianza na "dunia hii". Gordon, mfagiaji wa mahakama, aliitwa Wakili, na sijasikia methali aliyowahi kuiweka mahali pake. Mzee Masinde alikuwa Komando. Alipigana Burma na hakukubali kabisa kwamba Burma iliisha. Mwishoni, karibu na mtaro, alikaa Idd fundi viatu, mtu wa maneno machache. Siku hiyo Idd alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa kanzu ya sikukuu, na hakuna aliyemuuliza sababu, kwa kuwa walijua. Ochieng alikuwa anarudi.

Huyu Ochieng alikuwa karani wa bandarini na mtoto wa benchi hilohilo. Miaka miwili nyuma alimaliza kikombe chake, akasema, "Mimi nakwenda Uingereza kufanya masters ya saikoloji, mambo ya akili ya watu," akapanda treni, akaenda zake. Hakusema zaidi ya hapo. Miezi michache baadaye surua ikamchukua Shabani, mtoto wa mwisho wa Idd. Mama yake, Saumu, ambaye sauti yake sokoni Kibuye ilijulikana kuliko filimbi ya treni, akanyamaza. Hakulia wala hakusema. Alikula akilishwa, alilala akilazwa. Kaka yake akaja kutoka Kampala amchukue, kwa sababu huko alikuwako daktari mmoja Mzungu wa magonjwa ya akili.

Idd akaleta shauri benchini, na hapo ndipo alipokosea. Benchi likanywa kahawa, likaamua. Ya nini kumsumbua mama wa watu mpaka Kampala kwa mtu asiyemjua, na kijana wetu anasomea dawa hiyohiyo? Amngoje Ochieng. Shemeji akarudi kwake amekasirika, yule daktari mwaka uliofuata akarudi kwao Ulaya, na Idd akabaki kungoja. Kungoja huko kulimla mwili mpaka kanzu ikawa inamning'inia.

Asubuhi ya siku hiyo alimwambia mkewe, "Mama Rehma, leo Ochieng anafika. Yule wa dawa." Saumu aliinuka mwenyewe bila kushikwa mkono. Akaoga, akafungua sanduku, akatoa leso mpya. Akaweka kigoda mlangoni, akakaa. Kisha akainuka tena, akaleta kigoda cha pili, cha mgeni, akakiweka mbele yake. Idd alikwenda nyuma ya nyumba akalia, maana tangu msiba hajamwona akifanya jambo kwa hiari yake. Sasa alikuwa benchini, amekazia macho barabara inayotoka Milimani.

— Leo ndio leo, alisema Komando. Huko Burma tulikuwa na daktari wa akili, kapteni mmoja mwembamba. Askari wa platuni yetu alinyamaza tangu bomu. Kapteni akamuuliza neno moja tu kwa sikio. Palepale jamaa akaomba chai.

— Neno gani?

— Hiyo ilikuwa siri ya jeshi.

— Mwaka jana ulisema aliomba sigara.

— Aliomba vyote.

— Sasa ona, alisema Wakili. Huyo alikuwa kapteni tu, hana masters. Ochieng wetu iko na masters. Si watu walisema, haba na haba hujaza kibaba?

— Hiyo inaingia wapi, Wakili?

— Inaingia. Wewe kunywa kahawa.

Waweru alitema kipande cha tangawizi.

— Dunia hii, mimi nimesikia hao watu wanasomea paji la uso. Unakaa mbele yake, umenyamaza zako, yeye anakusoma ndani kama gazeti.

— Basi kesho funga duka. Atasoma yale maji unatia kwa mafuta.

Wakacheka, hata Saleh. Idd hakucheka. Alikuwa anajiuliza kama paji la uso la Saumu bado lina maandishi.

— Nyinyi mnaongea mambo ya zamani, alisema Wakili. Siku hizi iko mashini. Unavalishwa kwa kichwa kama kofia, waya inaingia kwa redio. Yale yote mtu amenyamazia, inatoka kwa redio. Kwa Kizungu.

— Mama Rehma hajui Kizungu.

— Omera, ndugu yangu, akili ya watu wote huko ndani ni Kizungu. Ni mdomo ndio inatafsiri. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ndio sababu Ochieng alienda na ndege.

— Na wakifika hapo kwa masters, alisema Komando akishusha sauti, wanafundishwa kuongea na mtu amelala. Wengine wanafika mpaka kwa waliokufa. Anaweza kwenda kwa yule mtoto, amuulize hali yake, halafu anarudi kumwambia mama yake: usijali, hajambo, amekusalimia.

Hapo hakuna aliyetania. Idd aligeuka akamtazama mzee Masinde. Idd ni Mwislamu anayeswali, na alijua kwamba maneno hayo hayafai hata kusikilizwa. Lakini niwaambie ukweli, aliyasikiliza, na kama Komando angeongeza neno moja angeamini.

— Kumbe wanaweza hivyo? aliuliza taratibu.

— Sasa masters ni ya nini, kama hawawezi?

Ndipo Volkswagen nyeupe ilipotoka upande wa Milimani, ikasimama kando ya mtaro, na Ochieng akashuka. Alikuwa amenenepa kidogo, na suti yake ilimkaa. Hakuwasahau. Alimwamkia Komando kwa mikono miwili, akamkumbatia Wakili, akampigapiga Waweru begani, akamsalimu Saleh, kisha akamjia Idd.

— Baba Rehma, habari ya siku nyingi? Mama Rehma hajambo? Yale mandazi yake nimeyaota mpaka Ulaya.

— Hajambo, alisema Idd. Ndivyo watu hujibu, na ndivyo mdomo wake ulivyojibu kabla hajauzuia.

Walimpisha katikati ya benchi. Saleh akampa kikombe cha kwanza cha buli jipya. Wakaulizana ya mvua, ya Pap Onditi kijijini kwao, ya mama yake, Lornah, ambaye alikuwa amechinja kuku kuwapokea wageni. Idd alingoja. Mwisho Waweru akaona afungue mlango wa maneno.

— Sasa Bwana Ochieng, kazi unaanza lini?

— Jumatatu. Kampuni moja ya miwa, upande wa Muhoroni. Mimi ndio nitakuwa mkubwa wa mambo ya wafanyakazi.

— Utawatibu hukohuko?

— Kutibu nani?

— Hao wafanyakazi. Akili yao.

Ochieng akacheka. Kicheko chake hakikuwa kibaya, alikuwa amezoea kuulizwa hivyo.

— Hapana, mzee wangu. Mimi nawachagua. Nampa mtu mbao iko na matundu, na vigingi, namwambia apange, naangalia saa. Akipanga vizuri, huyo anaweza trekta. Akichanganya, huyo aende kukata miwa. Ndio kitu nilisoma miaka miwili.

— Vigingi? aliuliza Wakili.

— Vigingi, na maswali ya kuandika, na hesabu mingi sana. Wacha niwaambie ukweli, sikuenda kwa sababu napenda hayo masomo. Ukarani ilikuwa imenichosha. Mzungu mmoja aliniambia, hizi kazi zetu mtazichukua nyinyi, lakini ukiwa na masters ya hii kitu utaruka wenzako. Nikaenda. Nimeruka.

Alisema hivyo bila majivuno, na wakati mwingine wowote benchi lingepiga makofi. Siku hiyo kila mtu aliangalia kikombe chake. Komando, ambaye hakuwahi kukimbia vita, alijaribu mara ya mwisho.

— Sasa mtu kama amenyamaza. Ukimpa hivyo vigingi apange, apange, si anaweza akafika mahali akasema kitu?

— Amenyamaza namna gani?

Ochieng alikuwa mwepesi wa kung'amua, hilo halikubadilika. Aliwatazama mmoja mmoja, akafika kwenye kanzu ya sikukuu na ndevu zilizonyolewa, akakiweka kikombe chini.

— Baba Rehma, kuna nini?

Idd akamwambia. Alimwambia yote kwa maneno machache: Shabani, surua, ukimya, shemeji, Kampala, daktari aliyeondoka. Alimwambia kwamba walikuwa wanamngoja yeye.

— Mimi?

— Wewe. Na dawa yako.

Ochieng alikuwa ameshika magoti yake. Aliuliza polepole, bila ukali, kama mtu anayetaka kujua tu:

— Nani aliwaambia mimi nasomea kutibu?

Swali lenyewe lilikuwa dogo, hata mtoto angeliuliza, na kwa miaka miwili hakuna mtu pale aliyeliuliza.

— Si ni Komando, alisema Wakili.

— Mimi nilisema ya Burma. Ochieng sikumtaja. Waweru ndio alimtaja.

— Mimi niliambiwa na Wakili.

— Mimi nilisikia kwa Saleh.

Saleh alikuwa ameinamia makaa.

— Mimi sisomi, wala sitembei, alisema. Jambo lolote ninalolijua, nimelisikia kwenye benchi hili.

Basi. Neno lilikuwa limezaliwa hapo, likazunguka na vikombe, kila mmoja akaliongezea sukari yake, likarudi limekomaa likiwa habari kutoka Uingereza. Hakuna aliyedanganya. Idd aliwatazama rafiki zake na kutafuta hasira, akaikosa, kwa kuwa alikumbuka kwamba na yeye pia aliwahi kumweleza mtu wa Kondele, tena kwa undani, jinsi dawa ya Ochieng inavyofanya kazi.

— Huko Ulaya wako wanaotibu, alisema Ochieng. Nilipita mbele ya darasa lao kila siku. Mimi sikuingia. Twende nyumbani, Baba Rehma. Nimsalimie tu.

— Usije.

— Mama Rehma alinilisha mimi.

— Ndiyo sababu usije. Leo amevaa. Amekuwekea kigoda. Ukifika atakuona, atajua dawa yenyewe ndiyo hii imefika. Halafu utakwenda zako Muhoroni. Sasa mimi, ukishaondoka, nitamwambia tena amngoje nani?

Ochieng aliokota kikombe chake, akakirudisha kwa Saleh. Saleh aliinamisha buli juu ya kikombe cha Idd; yakatoka mashapo meusi ya kahawa, kisha hayakutoka hata hayo. Akamwagia makaa maji, na mvuke ukapanda kati yao.

Idd akawaaga kwa heshima, kila mmoja kwa jina lake, akaenda. Kwake hakukuwa mbali, na alitembea kama mtu aliyebeba gunia. Rehma, binti yake, alikuwa ndani anakuna nazi. Saumu alikuwa palepale mlangoni, leso mpya, miguu imeoshwa, mikono juu ya mapaja, na mbele yake kigoda kitupu kilichofutwa vumbi.

Idd alisimama mbele yake. Akakaa juu ya kigoda cha mgeni.

Saumu akasogeza kichwa chake kando kidogo, ili bega la mumewe lisimzuie kuona barabara.