Leonce Antoni (1951–2024): Mtu wa Kibosho Aliyestaafia Ukweni Masama

Leonce Antoni alizaliwa Jumatatu tarehe 12 Machi 1951 hapa hapa Kibosho, kwenye kihamba hiki, shamba la ukoo, mlichokanyaga leo, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Antoni na Mama Dominika. Mtoto wa mwisho, Hosea, alifuata miaka tisa baadaye, na waliomwona siku hiyo walisema huyu ndiye mwenye sura. Marehemu hakuwahi kulipinga hilo hadharani.

Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia 1959 hadi 1966, akafaulu kwenda sekondari. Siku ya kuondoka alinunuliwa viatu vyeusi vipya, vya kwanza katika nyumba hii. Hosea, akiwa na miaka saba, alivificha kwenye majani ya ng'ombe. Vilipopatikana, ng'ombe alikuwa ameshatafuna kamba za kimoja, na marehemu akaenda sekondari kiatu kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Hakumsemea mdogo wake kwa baba. Baadaye alisomea ufundi wa mitambo Moshi mjini na kumaliza mwaka 1972. Hosea yeye aliishia darasa la tano. Siyo kwamba akili hazikutosha, maana anazo mpaka anawagawia majirani, ila mzee alianza kuumwa na ng'ombe hawawezi kujikatia majani.

Kuanzia 1973 marehemu alikuwa fundi kwenye kiwanda cha sukari kule chini. Mwaka 1981 alipata kazi Norwei, mji wa Bergen, akatengeneza injini za meli kwa miaka thelathini na saba. Alituma picha akiwa ameegemea gari jekundu. Hosea aliiweka chini ya godoro, siyo ukutani, ili asiamke akaiona kila asubuhi.

Tarehe 8 Septemba 1979 alifunga ndoa na Agness wa Masama, hapa parokiani. Walutheri wa Masama walijaa kanisani siku hiyo, wakaimba kwa sauti kuliko wenyeji. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gladys na Rodney.

Alipokaribia kustaafu mwaka 2018, swali likawa moja: akapumzikie wapi? Marehemu alikuwa mtu wa vipimo, akachukua karatasi akaandika. Abaki Bergen? Mvua mwaka mzima. Aende Hispania, ambako wastaafu wa Norwei wanajianika juani kama kahawa kwenye kichanja? Jua lipo, lakini nani atamwamkia shikamoo? Anunue kiwanja Rau, karibu na mji? Au Kibosho? Alimsomea Hosea zote kwenye simu, na Hosea akacheka, kwa sababu jibu alikuwa nalo. Alishang'oa kahawa mistari miwili upande wa juu wa kihamba, akapanda masale kuonyesha mpaka, akatangaza kwa kila mtu mpaka kwenye kilabu cha mbege kwamba kaka anarudi na jirani yake atakuwa yeye.

Marehemu alikuja mwezi wa pili, akalala hapa siku tatu, akayaangalia masale, akashukuru. Wiki iliyofuata akaanza kujenga Masama. Ukweni! Mwanamume wa Kibosho, mtoto wa kwanza, anakwenda kuzeekea kwa wakwe zake!

"Mangi, kaka yako ameolewa?" watu walimuuliza Hosea.

"Anafanya utafiti," aliwajibu.

Tena kilichomuuma zaidi ni shemeji Eliezeri, kaka yake Agness. Eliezeri ndiye aliyekunywa kahawa na marehemu asubuhi, Eliezeri ndiye aliyepanda naye parachichi. Halafu ikaja Krismasi ya 2019, kule Masama. Katika ukoo huu, mkubwa akichinja mbuzi, kidari anamkatia mdogo wake wa mwisho. Marehemu, kwa kukaa sana ughaibuni, alisahau, akamkatia Eliezeri mbele ya watu.

"Shemeji Hosea, karibu kidari," alisema Eliezeri.

"Kula tu. Mimi meno yananisumbua."

Wote walikuwa wamemwona muda mfupi uliopita akivunja mfupa. Aliondoka hata mbege haijagawiwa, na hakukanyaga Masama miaka minne.

Novemba 2023 marehemu alianza kuvimba miguu. Vipimo vilionyesha figo. Machi 2024 alilazwa, na Hosea aliposikia alibeba hotipoti ya mtori, supu ya ndizi wanayopewa waliojifungua, akaenda. Alimkuta Eliezeri kando ya kitanda, naye ana hotipoti ya mtori. Wakaangaliana kama majogoo wawili.

"Wekeni yote," alisema marehemu. "Leo nimejifungua mapacha."

Walicheka wote watatu. Kisha Hosea akauliza. "Kaka, leo nijibu. Kibosho tulikukosea nini?"

Marehemu alimwomba Eliezeri atoke kidogo.

"Zile siku tatu nilizolala kwako, kila aliyebisha hodi aliuliza, Leonce yupo? Mwenyekiti wa kitongoji alikupita wewe mlangoni akaja kunisalimia mimi, na wewe ukaenda kuniletea kiti. Pale ni kwako, Hosea. Baba alikupa wewe. Ningekaa mwaka mmoja ungekuwa mgeni nyumbani kwako."

"Ningekuletea kiti kila siku."

"Najua. Ndiyo maana nilikimbia." Akajiinua kidogo kwenye mto. "Halafu na mimi nakuonea wivu."

"Wivu wa nini? Wa ng'ombe?"

"Mama alifia mikononi mwako. Mimi nilipata telegramu mmeshamzika. Miaka thelathini na tatu sasa najiuliza kama aliniulizia."

Hosea alimwambia ukweli mtupu. "Alikuulizia kila siku mpaka mimi nikachoka. Nilikuwa namlisha, ananiita Leonce."

Marehemu alilia, kisha akala mtori wa hotipoti zote mbili, kidogo kidogo. Wakati wa kuagana alisema, "Mahali pa kuzeekea nilichagua mwenyewe. Pa kulala, chagua wewe."

Alifariki Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ubavuni mwa kaburi la Mama Dominika imebaki nafasi moja tu, ya kulia, kwa sababu upande wa kushoto yupo Mzee Antoni. Hosea aliizungushia mawe mwaka 2010, akawakataza wanawe hata kufunga mbuzi pale, kwa kuwa alijiwekea yeye mwenyewe. Juzi aliwaonyesha vijana wachimbe hapo. Mama akitaka kumwita Leonce, safari hii ataitikia mwenyewe. Hosea atatafutiwa nafasi baadaye, huko kwenye kahawa, na hana haraka. Shemeji Eliezeri, pole sana; asubuhi zako tunazijua, na kahawa ipo hapa pia.

Marehemu ameacha mjane, Agness, watoto, Gladys na Rodney, wajukuu watatu, dada yake, Beatha, shemeji yake, Eliezeri, na mdogo wake, Hosea.

Mungu ampe Leonce pumziko lenye amani, ubavuni kwa mama yake. Amina.